Mibuni ya Baba Kule Katana: Makosa Yaliyonigharimu Misimu Minne

Mwezi wa nane mwaka 2017 niliagiza ikatwe mibuni 1,100 aliyoiacha marehemu baba yangu, yote kwa siku nne, na kwa siku hizo nne nikajinyima mavuno ya misimu miwili. Ninaandika haya kwa sababu kila ninapopanda gari la kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda Kavumu na Katana ninakutana na watu wa mjini, walimu kama mimi, wauguzi, wachuuzi wa soko la Kadutu, ambao wamerithi vipande vya kahawa kijijini na sasa wanataka kuvifufua kwa kuwa wamesikia kwamba bei imepanda. Bei imepanda kweli: mwishoni mwa mwaka 2024 arabika ilivuka dola 3 kwa ratili katika soko la New York. Lakini bei hiyo haimfikii mtu aliyekata mibuni yake vibaya, wala aliyechelewa kumenya buni zake, wala aliyekwisha kuuza mavuno yangali mtini. Mimi niliyafanya yote hayo, moja baada ya jingine, na nitayaeleza kwa mpangilio yalivyotokea.

Shamba lenyewe ni nusu hekta tu, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata mbuni uliopandwa karibu na maji huku kwetu ni mbuni wa mlimani, na ndiyo sababu buni zake huiva polepole na kuwa nzito. Baba alipanda Bourbon, aina mojawapo ya arabika, katika miaka ya 1970, kwa mbegu alizosema zilitoka katika kituo cha utafiti cha Mulungu, na kwa muda fulani kahawa hiyo ndiyo iliyotulipia karo. Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na vita vya miaka ya 1990 vikamalizia kilichobaki. Kwa miaka mingi baada ya hapo kahawa ya kandokando ya ziwa ilivushwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda. Wanaume wengi walizama, na hadi leo katika vijiji vya Kalehe, Idjwi na Minova wako wanawake wanaoitwa wajane wa kahawa kwa maana halisi ya neno hilo. Baba hakuvuka mwenyewe, ila aliwauzia waliovuka, na mmoja wao hakurudi. Tangu hapo hakupogoa tena. Aliyaacha mashina yarefuke jinsi yalivyotaka, akawa anavuna kilichofikiwa na mkono.

Alipofariki mwaka 2016, kikao cha familia kilichukua siku mbili. Katika Bushi, yaani nchi ya Washi, mwanamke hupalilia kahawa, huichuma na huibeba, lakini mizani na fedha ni mambo ya mwanamume. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Goma, alitaka ardhi igawanywe viwanja na kuuzwa. Mimi niliomba shamba libaki shamba, na nilitunze mimi. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alinijibu kwa upole lakini bila kuficha: «Mama, shamba hili likienda kwako litakwenda kwa watoto wako, na watoto wako ni wa ukoo mwingine.» Nilijua kwamba Sheria ya Familia ya Kongo inawaweka watoto wote wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, wa kike sawa na wa kiume. Nilijua pia kwamba nikianzia mahakamani nitapata hukumu na kukosa jirani wa kunilindia buni usiku. Tuliafikiana kwamba nitalitunza shamba kwa miaka kumi, kwamba sehemu moja ya tano ya mapato itakwenda kwa mama yetu maadamu yuko hai, na kwamba kaka hatauza bila sahihi yangu. Tuliyaandika hayo mbele ya mashahidi wanne na mbele ya mkuu wa kijiji. Karatasi hiyo ndiyo kitu pekee nilichokifanya sawasawa mwaka ule, na ninamsihi kila mtu aipate kabla ya kuweka dola moja ardhini.

Kwa asiye na urithi, jambo hili lina uzito zaidi. Ardhi iliyopatikana kwa kalinzi, yaani kwa ile zawadi ya kimila, zamani ng'ombe, iliyotolewa kwa chifu, humpa mtu haki ya kudumu na ya kurithisha. Ardhi ya bwasa ni ya msimu, na mila inamkataza mwenye bwasa kupanda mazao ya kudumu, kwa kuwa mbuni ni kama sahihi ya umiliki. Nimemwona mtu wa mjini akipanda miche mia tatu kwenye ardhi ya bwasa, na mwenye ardhi akaing'oa yote mwaka wa pili. Kijiji kizima kilimpa haki mwenye ardhi.

Sasa nirudi kwenye mwezi wa nane. Mibuni ilikuwa mirefu mara mbili ya kimo changu, imeota kuvumwani, matawi ya chini yamekauka, na hakuna mti uliotoa hata kilo moja ya buni kwa msimu. Agronomu mmoja aliyekuwa akipita kwenye mashamba ya jirani alinishauri nikate mashina ili mibuni ichipue upya, na ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa. Alisema nikate theluthi moja kila mwaka. Mimi nikapiga hesabu ya mtu wa mjini: kwa nini niwalipe vibarua mara tatu, niwalishe mara tatu, nipande gari mara tatu? Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulikiri wakati ule. Nilikuwa na majonzi, na kila nilipolitazama shamba lile lililochoka nilimwona baba katika miaka yake ya mwisho. Nilitaka lianze upya lote kwa pamoja.

Vibarua wanne walifanya kazi kwa siku nne kwa dola 3 kila mmoja kwa siku. Kwa malipo hayo, chakula na usafiri nilitumia dola 85, na ili nizipate niliuza migruvea sita ya kivuli ambayo baba aliipanda kingoni. Hilo lilikuwa kosa ndani ya kosa, kwa sababu mvua za mwezi wa tisa zilipoanza udongo ulikuwa mtupu, hauna kivuli wala matandazo, na sehemu nzuri ya udongo wa juu iliteremka kuelekea ziwani mbele ya macho yangu. Tena vibarua walitumia panga badala ya msumeno. Panga hupasua shina na kulichana gamba, maji huingia kwenye ufa, na kisiki huoza badala ya kuchipua. Visiki 160 vilikufa hivyo. Mbuni unakatwa kwa msumeno, kiasi cha sentimeta 30 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateleze, mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua kukolea. Ikiwezekana liachwe tawi moja la kuulisha mti hadi machipukizi yapate nguvu. Machipukizi yatatoka mengi, na huchaguliwa mawili au matatu yaliyo imara na yaliyoachana, mengine yote yakaondolewa yangali laini.

Mwezi wa tatu mwaka 2018 ulikuwa mchungu. Majirani walikuwa wakishuka na vikapu vya buni nyekundu na mimi nilikuwa na vichaka vinavyonifikia kiunoni. Mama aliniuliza sehemu yake ya mapato iko wapi. Nilimpa kutoka katika mshahara wangu, na mwezi huo nikachelewa kutoa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana fedha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Mwaka 2019 mibuni ilizaa kidogo, nami nikawa na haraka ya kurudisha fedha. Nilikuwa nimesikia kwamba kahawa iliyooshwa na kukaushwa, ile tunayoiita parche, yaani punje ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, inauzwa vizuri kuliko buni mbichi. Nikanunua mashine ya kumenyea ya mkono, iliyokwisha tumika, kwa dola 280, fedha yote ya zamu yangu ya likelemba. Ninafundisha Jumatatu hadi Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo wachumaji walichuma Ijumaa na Jumamosi, buni zikawekwa kwenye magunia ndani ya nyumba ya baba mdogo, na mimi nikafika Jumapili baada ya misa kuzimenya.

Ninalikumbuka gunia la kwanza nililolifungua. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko na katikati ya gunia kulikuwa na joto kama la uji ulioepuliwa muda si mrefu. Harufu iliyopanda ilikuwa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya siku ya tatu. Buni za juu zilikuwa nyekundu na za kupendeza, ila za ndani zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau iliyokolea na ganda lake linateleza lenyewe ukilibonyeza. Mtu aliyezoea angejua hapohapo kwamba kazi imekwisha kuharibika, kwa sababu buni huanza kuchacha tangu saa inapochumwa, na isipomenywa siku ileile, ndani ya saa nane hivi, uchachu huo huingia ndani ya punje na hauoshwi na maji yoyote. Mimi nilimenya zote. Kisha nikaziacha kwenye mapipa kwa siku mbili kamili kwa kuwa Jumatatu nilikuwa darasani, ilhali ute wa kahawa huachia kwa saa 12 hadi 18 katika hali ya hewa ya kwetu. Kisha zikaanikwa chini, juu ya turubai, katika mwezi wa nne, mwezi wa mvua. Turubai lilitoa jasho kwa chini, kuku wakapita juu yake, na usiku liliviringishwa na kahawa ikiwa ndani.

Kutoka kilo 310 za buni nilipata kilo 60 za parche. Mnunuzi alikuja, akachukua punje moja, akaimenya kwa ukucha, akaiweka kati ya meno ya mbele na kuing'ata. Punje iliyokauka vizuri hulia na kupasuka, na yangu ilibonyea tu, ikabaki na alama ya meno. Aliiweka kiganjani mwake ili niione alama ile, hakusema neno la dharau, akanitajia bei ya kahawa ya chini kabisa. Niliikubali kwa sababu gari la mwisho la kurudi mjini lilikuwa linaondoka.

Kama unafanya kazi mjini na huna mtu wa kuaminika shambani kila siku ya mavuno, usinunue mashine. Hili ninalisema bila kusitasita, ingawa najua wapo wanaohubiri kinyume chake. Uza buni nyekundu kwenye stesheni ya kuosha kahawa siku ileile zilipochumwa, na uiache stesheni ibebe mzigo wa saa. Fedha itakuwa ndogo kwa kilo, lakini itakuwa fedha.

Mwaka 2020 nilipata somo ambalo singelipata kwa njia nyingine. Mwezi wa tatu shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, nami nikahamia Katana na watoto wangu wawili kwa msimu mzima wa mavuno. Mipaka nayo ilifungwa, wanunuzi wakapungua, na kila mtu kijijini akawa na nafasi ya kuzungumza. Jirani yetu, mama mmoja mzee ambaye ametunza kahawa ya marehemu mume wake tangu kabla ya vita, alinichukua kama mwanafunzi wake. Alinifundisha kumwaga buni kwenye beseni la maji na kuziondoa zote zinazoelea, kwa kuwa inayoelea ni tupu au imetobolewa na mdudu. Kujua kama ute umeachia, aliniambia niweke kiganja cha punje ndani ya maji na kuzisugua: zikiteleza kama bamia ngoja, zikilia kama changarawe osha mara moja. Tulijenga meza mbili za kuanikia kwa miti ya mikaratusi na wavu, zikafika kiunoni, kwa dola 40. Siku za mwanzo tulichagua parche zikiwa bado zimelowa, chini ya kivuli, kwa sababu kasoro huonekana vizuri zaidi ganda likiwa na unyevu. Tulizigeuza kila saa, tukazifunika jua la saa sita lilipokuwa kali, tukazifunika mvua ilipotishia, tukazifunika usiku. Ilichukua siku 18. Safari hii punje ilipong'atwa ililia.

Nilipata kilo 270 za parche nzuri, zenye rangi ya majani makavu ya mgomba. Nilibeba mfano wa kilo moja hadi Bukavu, kwenye maabara ya kuonja kahawa, nikiwa na hakika ya mambo. Mwonjaji aliikaanga kidogo, akaisaga, akaiweka katika vikombe vitano, akamimina maji ya moto na kungoja. Kisha akaanza kuinama juu ya kila kikombe. Kwenye cha kwanza alitikisa kichwa kwa kuridhika, cha pili vivyo hivyo, cha tatu vivyo hivyo. Kwenye cha nne alisimama, akaniita, akaniambia ninuse. Kilinuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi, birayi tupu, harufu ya jiko la mama asubuhi. Punje moja tu kati ya zote zilizo ndani ya kikombe hicho ilitosha. Mnunuzi aliyekuwapo alishusha bei yake papo hapo, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu hakuna anayeweza kuitambua punje hiyo kwa macho baada ya kukobolewa, na anayeinunua huinunua pamoja na kasoro yake.

Ladha hiyo ya kiazi inajulikana katika kahawa ya ukanda wetu wote, Kivu, Rwanda na Burundi, na inahusishwa na mdudu aitwaye antestia, mwenye umbo la ngao ndogo, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe. Hutoboa buni changa ili kufyonza, na kidonda anachokiacha huwa mlango wa vijidudu vinavyoleta harufu ile. Nilipomuuliza mama jirani kwa nini shamba langu lina antestia wengi kuliko lake, alinipeleka shambani bila kunijibu, akashika mbuni wangu mmoja na kuhesabu machipukizi kwa sauti: matano, sita, saba. Baada ya misimu miwili ya njaa nilikuwa na tamaa, na sikuwa na moyo wa kuondoa hata chipukizi moja. Kila kisiki kilikuwa kichaka, ndani yake giza na unyevu, na antestia hupenda hapo hasa. Tuliyapunguza yote yakabaki mawili au matatu. Tangu hapo, mwisho wa msimu tunachuma kila buni iliyobakia mtini na iliyodondoka chini, hata ziwe nyeusi na hazina faida, ili mdudu asipate pa kungojea msimu ujao. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha, watoto huwaokota antestia kwa mkono na kuwatia kwenye chupa ya maji ya sabuni.

Baada ya yote hayo ungedhani kwamba nilikuwa nimekoma. Mwezi wa kwanza mwaka 2021 mama alilazwa hospitali, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa ametimuliwa sekondari kwa deni la karo. Elimu ya msingi ndiyo iliyofanywa bure mwaka 2019, si sekondari. Mfanyabiashara mmoja alikuja shambani, akatazama mibuni, akanipa dola 350 mkononi kwa ahadi kwamba nitampelekea parche zote mwezi wa tano kwa bei tuliyoiandika siku ile. Mwezi wa tano majirani waliuza kwa theluthi moja zaidi ya bei yangu. Mwezi wa saba baridi kali iliunguza kahawa Brazil, na bei ya dunia ikaendelea kupanda hadi ikavuka dola 2 kwa ratili kabla ya mwaka kwisha, nami sikuwa na punje hata moja ghalani. Zaidi ya hayo, mizani ilikuwa yake. Kwa gunia ambalo baba mdogo alilipima kilo 60 kwenye mizani ya parokia, mizani ya mfanyabiashara ilisoma 54.

Simlaani mtu aliyenipa fedha siku ambayo mama yangu alikuwa kitandani. Ninasema tu kwamba mkopo ule ulikuwa ghali kuliko mkopo wowote ambao benki au likelemba ingenipa, na kwamba sikuihesabu gharama yake kwa sababu haikuitwa riba. Kama huna budi kuchukua fedha kabla ya mavuno, usiuze shamba zima: ahidi kilo kadhaa, andika idadi yake, na ubakize nyingine huru. Na ujifunze hesabu ndogo ambayo wanunuzi wote wanaijua. Bei ya New York hutajwa kwa ratili ya kahawa iliyokobolewa, na kilo moja ni ratili 2.2. Kilo moja ya parche ikikobolewa hubakiza takriban gramu 800. Kwa hiyo bei ya dunia ikiwa dola 2 kwa ratili, kilo ya kahawa iliyokobolewa ni dola 4.40, na kilo yako ya parche inabeba kahawa ya dola 3.50 hivi, kabla ya kutoa kodi, kukoboa na safari ndefu ya kontena hadi Mombasa au Dar es Salaam. Hutalipwa kiasi hicho, wala si haki kukitarajia. Lakini mtu akikupa dola moja utajua ni umbali gani uliopo kati yako na yeye.

Tangu mwaka 2022 mimi na majirani kumi na wawili tunapeleka buni zetu kwenye stesheni ya ushirika. Tunalipwa mara mbili: fedha ya kwanza siku ya kupima, na ya pili baada ya kontena kuuzwa. Fedha hiyo ya pili ni tamu lakini haina haraka. Mwaka wa kwanza tuliingoja kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa 12, na wenzetu watatu walikata tamaa wakarudi kwa wafanyabiashara. Ni vema mtu ajue mapema kwamba karo ya mwezi wa tisa haitatoka huko. Sisi tulianzisha likelemba ya wachumaji, dola 5 kila mwezi, ili mwezi wa tisa usitukute mikono mitupu. Mashine yangu ya kumenyea niliiuza kwa dola 150.

Mwezi wa tano mwaka 2023 mito ilifurika kule Kalehe, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, ikachukua mamia ya watu na nyumba zao. Si mbali na kwetu, na tulizika ndugu. Baada ya hapo hakuna mtu kwenye mteremko wetu anayehitaji kuelezwa kwa nini tunachimba mitaro inayokata mlima kwa upana, kwa nini tunaacha majani ya migomba chini ya mibuni, au kwa nini nimepanda migruvea kumi na miwili mahali pa ile sita niliyoiuza.

Kila msimu ninabakiza kilo tano za parche ambazo siuzi. Tunazitwanga kwenye kinu kidogo ganda litoke, tunazipepeta, kisha ninazikaanga kwenye sufuria nzito juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikikoroga kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza zinanuka majani yaliyolowa, kisha mkate, na baada ya dakika kumi na kitu zinaanza kulia moja moja kama mahindi yanayotaka kupasuka. Hapo ninahesabu hadi sitini na kuzimwaga kwenye ungo. Mwaka jana nilimpikia baba mdogo. Ana miaka zaidi ya sabini, amechuma kahawa tangu utotoni, na hakuwa ameinywa kahawa ya shamba hili hata siku moja. Kwao kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka, na kinywaji kilikuwa kasiksi. Alitia sukari vijiko vitatu, akanywa nusu, akakiweka kikombe chini na kukitazama kwa muda mrefu. «Mama,» akasema, «baba yako alikuwa akiwapa watu hii kwa bei ya kutupa.» Akamaliza kikombe, akaomba kingine bila sukari.

Mibuni niliyoikata mwaka 2017 imekwisha kuchoka tena, kama ilivyo desturi yake baada ya miaka sita au saba. Safari hii nimekata theluthi ya kwanza mwezi wa nane mwaka 2023, kwa msumeno nilioununua kwa dola 9, na theluthi ya pili mwaka 2024. Mistari iliyobaki ni ile ya juu kabisa, karibu na nyumba, ambayo baba aliipanda kwanza, na baba mdogo ameniomba siku ya kuikata msumeno aushike yeye.